Kitabu Ulichomtumia Mdogo Wako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi huko uliko. Natumaini barua hii itakukuta mzima, masomo yanakwenda, na ile baridi ambayo mdogo wako alikuwa akinihadithia haijakushinda. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mama yako anatembea, anakula kidogo, na cherehani yake bado iko palepale dirishani.

Hunijui, Kaka, ila mimi nakujua sana. Huenda mdogo wako aliwahi kunitaja: mimi ndiye niliyekaa naye dawati moja, na yeye ndiye aliyenipa jina la Redio kwa sababu ya domo langu. Mwalimu wa hesabu alichoka kunisikia nikibwabwaja nyuma ya darasa, akanihamishia mbele, ubavuni mwa msichana mkimya aliyevaa sweta hata jua likiwa kali. Alidhani amenipa adhabu.

Siku hiyohiyo nilimwona ameinamia atlasi muda mrefu mno, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia. Nilipomnong'oneza kumuuliza kama anaumwa, akaisogeza atlasi kidogo nione. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha katuni kilichochakaa, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi. Kilikuwa kile ambamo Sajini Mbavu anamfukuza mwizi wa kengele. Wewe unakijua kuliko mimi. Aliniambia vyote vilikuwa vyako, na kwamba ulipoondoka ulimwachia sanduku zima.

Nikwambie ukweli, sikuwa mtu wa vitabu. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na nyumbani kwetu karatasi ni ya kuwashia moto. Lakini yule askari mwembamba, ambaye akisimama upande wezi wanampita bila kumwona, alinimaliza. Nilikisoma chote kipindi kimoja, nikamrudishia kwa majivuno. Mdogo wako akanitazama kwa huruma, akasema nimesoma kama mtu aliyebanwa na haja.

Ndipo akaanza kunifundisha kutazama. Alinionyesha kwamba mchoraji, huyu anayejiita Nyuki, ameficha nyuki mdogo katika kila ukurasa: kwenye kitasa cha mlango, ndani ya ndevu za mtu, juu ya herufi. Akanionyesha na yule mbwa wa mitaani asiyesemeshwa na mtu, ambaye nyuma ya mambo yote ya Sajini ana mambo yake mwenyewe. Sheria yake ilikuwa hakuna kufunua ukurasa mpaka sote wawili tumempata nyuki. Tulimaliza sanduku kwa mwendo huo. Kuna siku mwalimu wa hesabu alitunyang'anya kimoja kwa ukali wote. Tulipopita dirisha la ofisi ya walimu tukamwona amekiinamia, tumbo linaruka kwa kicheko. Baadaye alikirudisha.

Muhula uliofuata nafasi yake pale dawatini ikaanza kubaki wazi. Ugonjwa wake wewe umekua nao nyumba moja. Mimi sikujua selimundu, huo ugonjwa wa damu, ni nini mpaka siku nilipomkuta amejikunja juu ya dawati, ameuma mkono wa sweta asipige kelele, vidole vimevimba hata kalamu haishikiki. Alinikataza kumwita mwalimu. Sikumtii, na alikaa siku kadhaa hataki kusema nami.

Alipolazwa nikawa nampitia baada ya masomo, kitabu nimekichomeka chini ya shati. Vitanda vimebanana mle wodini, na mama yako alikuwa akikalia ndoo iliyopinduliwa kwa kukosa kiti. Macho ya mdogo wako yalipokuwa mazito, nilimsomea maneno na kumweleza picha moja moja. Nikidhani amesinzia naruka picha, anafungua jicho moja na kusema, "Umemruka mbwa." Narudi nyuma, nampa habari za mbwa.

Alikutaja mara nyingi. Alisema ukirudi mtakwenda kumtafuta Nyuki popote alipo, amuulize kwa nini yule mbwa hana jina. Siku nyingine alisema hataki lolote, si shule wala vitabu, anataka maumivu yaishe tu. Kisha akaniomba nisimwambie mama.

Wiki iliyopita kifurushi chako kilifika. Mama yako alinipigia simu niende. Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani hashoni, kifurushi mapajani, akaniomba nikifungue mimi. Ndani mlikuwa na kitabu kipya cha Nyuki, na maneno yako kwamba akuandikie upesi akwambie amecheka wapi.

Mama akasema, "Mwanangu, wewe unavijua hivi vitabu. Mjibu. Andika kama yeye."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kuwa ukijua utaacha mitihani urudi, na hakuna tena cha kurudia. Kwenye simu amekuwa akikwambia mdogo wako amelala, yuko masomo ya ziada, koo limemkauka. Alisema uongo umemwishia.

Nilikubali, kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni nikakataa. Nikakisoma kitabu chote ili nipate cha kuandika. Ni kizuri, Kaka. Sikucheka. Nikaandika kwamba nimecheka pale Sajini anapojifungia mwenyewe mahabusu, na nilipofika mahali pa kuweka jina lake, mkono ukagoma. Nikaichana ile barua.

Kwa hiyo nakwambia mimi. Mdogo wako amefariki. Alituacha kabla mvua hazijaanza. Kifua kilimbana asubuhi, na wauguzi walihangaika naye mpaka mwisho. Mama yako alikuwa amemshika mkono. Hakuwa peke yake. Mimi nilikuwa darasani. Mwalimu wa hesabu aliniita nje, akabaki ananipigapiga begani mpaka nikaelewa. Amezikwa karibu na baba yenu. Baba yangu alichomelea uzio mdogo kuzunguka kaburi, nami nikaupaka rangi.

Mama yako hajui kwamba nimekuandikia haya. Ukimpigia atakwambia amelala. Nakuomba usimgombeze. Mwache amalize kusema, ndipo umwambie kuwa unajua. Tangu siku ile hajalia, Kaka, hata makaburini. Anaogopa sauti ikikwaruza utaisikia kwenye simu.

Kitabu chako ninacho, nitakukabidhi mkononi. Baba yangu anakupa pole, na mwalimu wetu pia. Jitahidi ule, na usikae peke yako siku utakapoisoma barua hii.

Ni mimi, mwenzake wa dawati,
Redio