Mama Mkwe Yuko Kwenye Kikosi Changu, na Mchezo Unafunguliwa Ijumaa

Nyanya Ketura mpendwa, nakusalimu kutoka Bugoye na naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana ikifika hiyo siku nitakuwa nimeingia au nimeharibu.

Mimi ni fundi wa umeme, nina mke, Evas, na watoto mapacha, na nyumbani sina shida, tunashiba na tunacheka, shida yangu ni mchezo wa simu. Kuna mchezo mpya unaitwa Ngome ya Theluji, watu wa nchi nyingi wanaingia pamoja kupigana na majoka na wachawi juu ya mlima, nimeungoja tangu mapacha hawajazaliwa, kila video waliyotoa nimeitazama mpaka Evas anajua majina ya majoka, na sasa wenyewe wanaufungua kwa majaribio, wanaita beta, ni siku chache tu kisha wanafunga warekebishe, na kikosi chetu kimechaguliwa, Nyanya, habari ilinikuta juu ya ngazi kwa mteja, nusura nianguke.

Kikosi ni watu wanne, tumecheza pamoja mchezo wao wa zamani bila kuonana uso: kuna Okot, mwanajeshi wa kambini Kasese, ndiye anatuongoza, kuna Gracien wa Kasindi ng'ambo ya mpaka, kuna mimi ninayejiita Fundi Radi, na kuna mganga wetu anayejiita Mama Barafu. Huyo mama akikugusa tu nguvu inarudi, lakini tangu mwezi wa tatu, nilipotangaza kwenye kundi kwamba Evas wangu amejifungua mapacha hapa Bugoye, mimi hanigusi tena, anaweka chupa ya dawa chini, anarudi nyuma, ndipo niokote, na Gracien ananicheka, "Fundi, mama iko nakuogopa, ao ni wewe iko nanuka?" na mimi kwa hasira nikawa namtania yule mama kwamba anaringa, kwamba labda mikono yake imezeeka, Mungu anisamehe.

Sasa wiki hii tuliambiwa tujaribu sauti, kila mtu aseme neno, na Mama Barafu ambaye siku zote anaandika tu akasema, "Haloo, munanisikia? We mbuzi, toka kwa nguo zangu," na simu ikaniponyoka ndani ya maharagwe kabla sijasema neno langu, kwa sababu sauti ile naijua, na yule mbuzi mwizi wa nguo ni mimi niliyempeleka siku ya mahari. Ni mama mkwe wangu wa Bwera, mwenye duka la simu.

Kwetu unajua, mkwe hali chungu kimoja na mama mkwe, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anapisha, na huu mchezo mpya tumeona kwenye video kwamba kabla ya kupanda mlima kikosi kizima lazima kikae kwenye moto mmoja na kula chungu kimoja. Nikijitoa, nafasi ya wote wanne inafutwa. Nikiingia, nimekula na mama mkwe. Nikisema, atajua kwamba aliyemwita mikono mizee ni mimi, na sijui kama nitakanyaga Bwera tena. Okot yeye anasema tu, "Fundi, Ijumaa uko mstarini, hakuna stori." Nifanye nini, Nyanya?

Nobert, Bugoye


Nobert mutoto wangu,

Mimi sikukaa darasani hata siku moja, barua yako nimesomewa na Salmah hapa redioni, na jibu hili anaandika yeye. Alipomaliza nikamwambia, rudia pale kwa chupa ya dawa. Akarudia. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Wewe unapanda nguzo za umeme, lakini kilicho mbele ya pua yako hukioni.

Ulitangaza kwamba Evas wa Bugoye amezaa mapacha. Mama gani hajui mapacha wa binti yake? Tangu siku ile hakukugusa tena. Anaweka dawa chini, anarudi nyuma, anakupisha. Huyo mama anakujua tangu mwezi wa tatu. Wewe ukaita maringo, kumbe ni heshima, na ameikalia kimya, matani yako ameyameza, na kila ulipoanguka amekuinua. Mama mkwe kama huyo wengine wanamwomba kanisani. Na wewe unamwita mikono mizee. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Sasa acha kutetemeka. Mwaka mto Mubuku ulipofurika, mkwe wangu Asanasio, mume wa binti yangu, alinikuta ng'ambo na kikapu changu cha kahawa, daraja limekwenda. Hakunishika mkono, na hakuniacha. Alikata mti mrefu, akashika ncha ile, mimi nikashika ncha hii, nikavuka. Heshima haikufa na mimi sikufa. Mtu anayekimbia mama mkwe wake akizama, huyo haheshimu, huyo anaogopa.

Kwa hiyo hujitoi. Ukijitoa unamnyima mama wa watu mlima wake, mwanamke aliyelea watoto wake wote na sasa anataka kupiga joka. Mwache apige.

Leo hii, kabla chakula hakijaiva, mwambie Evas yote, na mikono mizee usiifiche. Kesho aende Bwera na kuku, jogoo mzuri, si yule anayekohoa. Evas aseme, "Mama, Nobert ameomba radhi, na Ijumaa atakaa upande wa pili wa moto." Wewe usipige simu, usiandike kitu. Hayo ni maneno ya binti na mama yake. Gracien ndiye apakue, kila mtu sahani yake, na kama mchezo hauna sahani, mama mkwe wako ale kwanza, ageuke, ndipo ule. Okot mwambie ni amri ya Nyanya Ketura, afande ataelewa amri.

Mlima wa kweli wenye theluji uko juu ya paa lako, Nobert, na kuutazama hakuhitaji simu, lakini sawa, furahia huo mwingine, umeungoja vya kutosha.

Na ukijeruhiwa, akikuwekea dawa chini, usisimame kuitazama. Okota unywe. Kisha uiname kidogo. Salmah ananiambia hata humo kwenye simu mtu anaweza kuinama.