Vidonge vya Mama Vinaisha Kabla ya Siku Zake

S.L.P. 57,
Shishiyu, Maswa.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Specioza,

Mwangaluka! Hamjambo huko Songea? Shemeji Danford na watoto wanaendeleaje na baridi? Sisi wazima, ukiondoa mama, na mimi ambaye nitajieleza mbele. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga, mama anasikiliza.

Tangu kile kiharusi cha mwezi wa pili, mkono wake wa kushoto unarudi pole pole. Sasa anashika kikombe.

Kituo chetu cha afya kimeanza utaratibu mpya. Muuguzi, Felisita, anakuja nyumbani kila wiki mbili, anampima mama presha, anamnyoosha mkono, anahesabu vidonge. Halafu anapiga simu kuuliza kama mama amelala vizuri! Wewe unajua tulivyozoea kupanga foleni toka alfajiri tukaambiwa turudi kesho. Leo mtu anatufuata na pikipiki. Nikajiuliza anatafuta nini kwetu. Nikahesabu kuku. Wote walikuwepo.

Safari ya tatu presha ya mama ikawa juu, na kopo lina vidonge vinne wakati zimebaki siku kumi na mbili. Felisita akanieleza wazi kwamba kiharusi cha pili hakibishi hodi, na huenda tukamzika. Akanitazama kama mwizi. Nami nikamtazama vile vile.

Alipoongeza vingine, nikalifunga kopo kwa uzi wa pamba, fundo langu mwenyewe. Siku ya tatu nikakuta fundo jingine, bado limelowa mate. Mtu mwenye mkono mmoja hufunga kwa meno, Specioza.

Jirani yetu Kwandu huja kila jioni kumjulia hali mama. Siku hiyo aliondoka na kifundo kwenye pindo la kanga. Nikamuuliza mama.

“Kwandu naye ana presha,” akanijibu. “Akija kuomba chumvi huwa namnyima?”

“Hii si chumvi, mayu.”

“Uchoyo huu umeutoa wapi? Siyo kwangu.”

Kumbe siku nyingine hamezi kabisa, ili vitoshe wawili.

Nikampelekea Felisita taarifa nikisubiri ugomvi. Hakugomba. Alisema Kwandu aje apimwe apate vyake, na siku yao ya kliniki iwe moja, wasindikizane. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku, maana akanigeukia: “Na wewe mpelelezi, leta mkono.”

Mashine ikasema 178 kwa 110. Nikasema ni mbovu. Nikapanda basi hadi Bariadi, famasi yenye mashine nyingine. Ikasema yale yale. Nadhani zinapigiana simu.

Basi na mimi nimepewa kopo. Presha ya mama imeshuka, ya kwangu inafikiria. Kila asubuhi anameza nikimtazama, kisha zamu yangu. “Inua ulimi,” ananiambia, na anainama kuchungulia.

Nenda kapime, mdogo wangu. Usinijibu kwamba huumwi popote. Mimi pia sikuwa naumwa.

Msalimie Danford na mjomba Salvatory. Mama anakubariki, Kwandu pia anakusalimu. Mungu awalinde mioyo na damu zenu.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ila nasubiri kuona cheti cha kipimo,

Mayige