Kikao cha Dharura cha Kamati ya Wazazi kuhusu Kompyuta Zinazokwenda Nyumbani

Tarehe: Alhamisi, siku ya pili ya tukio
Mahali: Darasa la sita

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwenye duka la vyuma), Mwalimu Mkuu, Fundi Cherehani, Mama Pacha, Katibu (na mtoto mgongoni)

Hakuhudhuria, kwa taarifa: Dereva wa Lori. Yupo hospitali na binti yake.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri, akaomba wajumbe wasirushiane maneno.

KUMB. NA. 2/ TUKIO
Mwalimu Mkuu alieleza kwamba jana jioni vijana wawili walimvamia binti wa Dereva njiani. Aling'ang'ania mkoba wa kompyuta ya shule mpaka akavunjika mkono. Kompyuta ilipona. Mama Pacha aliuliza kama hilo la mwisho ni habari njema.

KUMB. NA. 3/ MIKOBA
Mwenyekiti alisema kilichomponza binti ni mikoba ya rangi ya machungwa, inaonekana toka mbali. Fundi Cherehani, aliyeishona, alijibu: "Kitambaa ulichagua wewe, kaka, ukasema kinapendeza. Leo kimekuwa changu?" Mwenyekiti alisema tusonge mbele. Iliamuliwa kuanzia kesho kompyuta zibebwe kwenye mifuko ya nyumbani, hata ya unga.

KUMB. NA. 4/ SHARTI LA KULIPA
Katibu alieleza kwamba alikwenda kumjulia hali binti, akamuuliza mbona hakuachia. Binti alisema: "Mama mdogo, tulisomewa, ukipoteza mzazi wako analipa. Baba angetoa wapi?"

Mwenyekiti alikumbusha kwamba sharti hilo lilipitishwa na kamati hii hii, wote mikono juu. Mwalimu Mkuu alisema likifutwa, kompyuta zitapotea kila wiki na wafadhili waliozitoa watazichukua zote. Katibu alijibu kwamba wakizichukua, watoto watasoma kwa madaftari kama tulivyosoma sisi. Mkono wa mtoto hauna duka. Mama Pacha aliongeza: "Heri nusu shari."

Sharti lilifutwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mwalimu Mkuu aliomba pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa. Kila mzazi amwambie mwanawe leo hii: "Wakikukamata, achia. Kimbia nyumbani."

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Kengele ya kwenda nyumbani ililia, na watoto wakaanza kupita nje ya dirisha na mikoba ya machungwa. Mengineyo hayakujadiliwa. Kikao kilifungwa saa kumi na nusu, wajumbe wakatoka kuwasindikiza watoto. Mwalimu Mkuu alitangulia, amebeba mikoba minne.

Mwenyekiti: .................... (atasaini kesho, yuko barabarani na watoto)

Katibu: .................... (amesaini akiwa amesimama)