Taa Isiyochoma Kiganja

Muscat

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Usikubali kuingia kitaluni kabla umande haujakauka. Miche ya parachichi haikimbii. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma. Hapa joto linaamka kabla ya watu, na mimi ndiye ninayefagia, namwagilia bustani, naosha magari, nabeba ndoo za maji ya chumvi.

Hizo ndoo ndizo zilizomchekesha kaka Yohana kwenye simu: "Umevuka bahari yote hiyo kwenda kuchunga mawe?" Mwambie si mawe. Yanaitwa matumbawe, ni viumbe hai wa baharini, na tajiri wangu Bwana Nassor anayafuga sebuleni, kwenye tangi la kioo lenye urefu wa kitanda. Chakula chao kikubwa ni mwanga, kama miche yako.

Miezi michache iliyopita taa ya zamani ilichoka. Matumbawe yakasinyaa, yakawa na rangi ya matope. Bwana Nassor akasema, "Yakifa haya, nalivunja tangi. Na wewe itabidi utafute kazi kwa mtu mwengine."

Tukaenda dukani kutafuta taa mpya. Akaniambia, "Wewe ndiye unayeshinda nayo. Chagua." Taa zilikuwa zimewashwa ukutani. Nikafanya kama tunavyofanya Makambako tukinunua taa ya vifaranga: nikapitisha kiganja chini ya kila moja. Iliyonichoma nikaing'ang'ania. "Hii, bwana! Hii ina nguvu!"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Ebo! Wataka kunipikia supu ya samaki walio hai? Huku kwetu bahari imeshachemka yenyewe!"

Nilicheka na mimi, ingawa masikio yaliwaka. Mtu aliyekulia kwenye baridi yetu, taa nzuri kwake ni ile yenye moto. Muuzaji akaeleza, Bwana akinitafsiria: matumbawe yanataka mwanga wa buluu, maana ndio unaofika chini baharini. Taa iwe pana isiache vivuli, na iwe na kitufe cha kupunguza. Nikazunguka tena, safari hii kwa macho. Nikaonyesha moja ndefu, ya buluu. Bwana akaitazama juu na chini. "Hiyo. Hata mimi ningeichukua hiyo."

Nyumbani akataka kuiwasha kwa nguvu zote. Nikasema, "Samahani, bwana. Miche ikishazoea kivuli, mama yangu haondoi nyasi zote za juu ya kitalu siku moja. Inaungua."

"Mama yako anafuga matumbawe?"

"Anaotesha parachichi."

Akaondoa kidole kwenye kitufe. "Haya. Fanya kama mama yako."

Nikaanza na mwanga hafifu kabisa, nikawa naongeza kidogo kila Ijumaa akirudi msikitini. Tumbawe moja lililokuwa juu, karibu na taa, likaanza kupauka. Nikalishusha chini, likapona. Juzi nimeingia na ndoo zangu nikakuta yote yamefunguka, vidole vya kijani na zambarau vinayumba majini kama mahindi machanga kwenye upepo wa Wanging'ombe. Nilitua ndoo nikasahau mgongo.

Jioni walikuja wageni. Nilikuwa nafuta sakafu, Bwana akaniita nisimame kando yake. "Taa hii kachagua huyu. Na namna ya kuiwasha ni ya mama yake, yuko Makambako." Wakauliza Makambako ndiyo wapi. Nikawaeleza mimi mwenyewe, mama, kwa sauti, na tambara mkononi.

Kwa hiyo kazi bado ninayo.

Shangazi wa Mlangali akija na maharage yake mpe salamu zangu, na yule mwalimu wa kwaya usharikani asidhani nimesahau sauti ya besi. Kaka Yohana mwambie mawe yamechanua.

Na kesho ukipunguza nyasi kitaluni, punguza polepole vilevile. Kuna watu huku sasa wanajua kwamba ni wewe uliyenifundisha.

Mwanao,
Ezekia