Matundu ya Jumapili kwenye Kapeti la Mama

Buswelu, nyuma ya mashine ya kusaga,
Ilemela, Mwanza.
15 Oktoba 2024

Mpendwa dada Prudencia,

Shikamoo. Itikia marahaba kwa sauti, hata kama uko kwenye foleni ya chakula cha wafanyakazi. Heshima ya Jovinary haiji kila siku.

Habari za Doha? Lile joto la kukaanga watu limepungua? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukitandika vile vitanda vya matajiri? Bibi anauliza kama bado unakula ndizi au umeshageuka mtu wa mikate. Jibu hilo andika kwa mkono wako, maana nikimjibu mimi haniamini.

Huku nyumbani wote wazima. Baba mzima, ila yuko Muleba anapalilia migomba, na sababu utaiona huko mbele. Mama mzima. Winnie yuko kidato cha tatu na anatuongelesha kama sisi ndio wanafunzi wake. Bibi Kokulinda ni mzima, na huo uzima wake ndio habari yenyewe. Mimi pia ni mzima, isipokuwa paja la kulia, ambalo nitalieleza zamu yake ikifika.

Zawadi ulizotuma kwa mkono wa mwenzako Justa, alipokuja likizo mwezi wa nane, zilifika zote. Bibi anapaka ile losheni mpaka kwenye mkongojo. Na kile kioo cha kujipodolea ulichompa Mama kina makuu, dada! Upande mmoja unaona uso wa kawaida, upande wa pili tundu la pua linakuwa pango. Mama amekataa kabisa kikae chumbani. Kitu kilichotoka nje sharti wageni wakione, kwa hiyo kiliwekwa sebuleni kwenye kimeza kifupi, kikavishwa kitambaa cha kufuma kama vilivyovishwa redio, televisheni na makochi. Unamjua Mama. Ningekaa kimya nusu saa pale sebuleni, na mimi ningevishwa.

Utajiuliza kwa nini mtu aliyeacha shule kidato cha pili, huku walimu wakipiga makofi, anakuandikia barua ya karatasi. Ni agizo la Bibi. Anasema wewe ndiye uliyelelewa mgongoni kwake, kwa hiyo ukweli ukufikie wewe kwanza, tena kwa kitu kinachoshikika. Justa anarudi huko Alhamisi, atakupa barua hii na kifurushi cha kahawa ya kutafuna. Ukikuta kahawa imepungua, muulize Justa.

Sasa kesi. Najua ulisoma kwenye lile kundi la ukoo kwamba Bibi anataka kuunguza nyumba ya mwanawe. Mjomba wa Kiseke aliituma habari hiyo mara tatu, na picha ya tundu akaizungushia duara jekundu. Soma na upande wa pili.

Mama alinunua kapeti jipya, lile la plastiki lenye sura ya mbao, akalitandika sebule nzima. Akakataza viatu. Akakataza kuburuta viti. Mimi karibu anikataze hata kupumua, kwa kuwa natoka kwenye kazi ya kuchomelea mageti na alihisi cheche zinanifuata nyumbani kama paka.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa tukarudi kutoka misa ya kwanza, Mama akasimama mlangoni kama aliyekanyaga nyoka. Katikati ya kapeti, tundu. Si la kukatwa, wala si la panya. Lilikuwa limeungua, jeusi pembeni, refu kama kidole cha mwisho, limejivuta kama njia ya konokono. Majivu hamna. Na sebule nzima inanuka plastiki.

Nani alibaki nyumbani? Bibi, ambaye miguu haimfikishi kanisani, anasikiliza misa ya redio kwenye baraza la nyuma. Na Bibi anavuta nini? Kiko. Kwa Mama kesi ikawa imekwisha.

"Mama, hukupita hapa na kiko chako?" akamuuliza mkwewe.

"Nilipita kunywa maji. Kiko nilikiacha nje, waitu, mwanangu."

"Na harufu hii yote?"

"Hata mimi niliisikia. Nikadhani ni majirani wanachoma taka."

Nani angemwamini? Wiki nzima ikapita kapeti likiwa salama, halafu Jumapili iliyofuata, tundu la pili, karibu na mguu wa kochi. Lilikuja tukiwa kanisani, kama la kwanza, na aliyebaki nyumbani alikuwa Bibi.

Hapo nikaingia kazini, maana kichwa hiki sikupewa kwa ajili ya kofia tu. Nikasema ni umeme. Waya umepita chini ya sakafu, unapata moto, unaunguza kapeti. Nikalifunua, nikachukua tindo na nyundo, nikachimba sakafu mahali pawili. Nikakuta saruji. Chini ya saruji nikakuta jiwe, na Mwanza hii ukichimba popote unasalimiwa na jiwe. Waya haukuwepo. Baba aliporudi akayatazama mashimo yangu, akaniuliza kwa upole sana, "Jovinary, kabla hujaanza kutusaidia, tulikuwa na matundu mangapi?"

Jirani yetu Mama Kashindye naye akaja na la kwake. Alichuchumaa, akalinusa tundu, akamwambia Mama, "Mayu, hiki si kiko. Kitu kinachosubiri mwende kanisani ndipo kiingie, hicho kimetumwa." Mama akamjibu kwamba nyumba ya Mkristo haiingiliwi na vitu vya kutumwa, akamsindikiza haraka kabla chai haijachemka. Lakini baadaye nilimwona ananyunyiza maji ya baraka pembe zote za sebule, hakuacha hata nyuma ya televisheni.

Bibi alipoona maneno yanazidi, akamwita Baba akamkabidhi kiko, kibiriti na mfuko wa tumbaku. Jumapili ya tatu mvua ilianza alfajiri ikanyesha mpaka mchana. Tukarudi kutoka kanisani tumelowa, na kapeti halina tundu jipya. Mama akamtazama Baba, na Baba akatazama chini. Kiko kimetoka, tundu limetoka.

Jumapili iliyofuata jua lilirudi, na tundu likarudi, kubwa kuliko yote.

Mama akasema Bibi ameficha kiko kingine. Tulipekua chumba, hatukukuta. Baba akakata tiketi ya meli ya Bukoba, akasema ni bora mama yake akapumzike Muleba. Apumzike na nani, dada? Ile nyumba wewe unaijua. Kuna migomba na kaburi la babu.

Nilikuwa naifanyia kesi hii utani mpaka nilipomkuta Bibi anakunja vitenge vyake kitandani. Akaniambia bila kunitazama, "Jovi, labda ni mimi. Mtu akizeeka mkono unaweza kufanya jambo kichwa kisijue. Mama yangu aliishia hivyo. Alikuwa anakoka moto juu ya kitanda, ukimuuliza anakataa huku anacheka."

Huyu ni Bibi anayekumbuka rangi ya kila ng'ombe aliyetolewa mahari kwenye ukoo wetu. Tiketi ilikuwa ya Jumanne. Kabla yake ilibaki Jumapili moja.

Basi asubuhi hiyo nikaaga kwamba tumbo linaniuma. Baba akasema tumbo langu nalo huwa linauma Jumapili tu, lichunguzwe pamoja na kapeti. Wakaenda. Bibi akakaa barazani na redio yake. Mimi nikajilaza katikati ya sebule, nimevaa ile jinzi yangu nyeusi mpya, macho wazi kama mlinzi wa benki.

Mlinzi wa benki akalala.

Niliamshwa na paja. Niliruka juu na ukelele uliopita kwaya ya redio. Jinzi inatoa moshi! Nikatazama huku, hakuna mtu. Nikatazama kule, hakuna kiko. Nikasema leo Mama Kashindye ameshinda, nikaushika mlango nikimbie. Ndipo nikakiona. Pale pale nilipokuwa nimelala kulikuwa na kitone cha mwanga, cheupe, kidogo kama punje ya mahindi, kikali kama moto wa kuchomelea. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kutoka kwenye kapeti. Nikaweka kiganja juu yake, kikahamia kwenye kiganja, kikaniuma.

Nikaufuata mwanga ulikotoka. Jua linapanda upande wa Kisesa, linaingia kwa dirisha la sebule, linakwenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kimeza kifupi. Na juu ya kimeza nani ameketi bila kitambaa, upande wa kukuza sura umeinamia kapeti?

Kioo chako. Mshitakiwa ni wewe, dada Prudencia. Ukiwa Doha umelala kitanda cha kampuni, mkono wako ulifika Buswelu kutoboa kapeti, ukamsingizia bibi yako, na mimi ninayechomelea mageti kwa umeme ukanichoma paja kwa kioo cha kujipodolea.

Nilimwita Bibi. Akaja na mkongojo wake taratibu. Nikafunika kioo kwa kofia, kitone kikafa. Nikakifunua, kikafufuka. Nikarudia na kurudia, mpaka akasema basi, nimeona. Akakaa kwenye kochi. Nilitegemea acheke.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima," akasema.

"Kizima, Bibi. Kuliko cha Winnie."

Ndipo akacheka, akajifuta macho na ncha ya kitenge, akacheka tena.

Sasa utauliza kwa nini Jumapili tu, na mimi niliuliza hivyo hivyo, tena kabla Winnie hajafika. Jumamosi mchana Mama anafua vitambaa vyote vya sebule. Anavirudisha Jumapili baada ya misa, vikishapigwa pasi, kabla wageni hawajaja. Kwa hiyo asubuhi moja tu kwa wiki kioo kinakaa wazi, na ndiyo asubuhi ambayo Winnie anachonga nyusi zake za kwendea kanisani kwa upande wa kukuza, kisha anakiacha kilivyo, leo kimeelekea huku, wiki ijayo kule. Na ile Jumapili ya mvua, jua lilikuwa wapi?

Waliporudi nikawasomea hukumu mlangoni. Winnie akasema, eti, kioo kilichobonyea kinakusanya miale ya jua, walifundishwa muhula uliopita. Nikamwambia, wewe umefundishwa na kapeti limeungua. Mimi sikufundishwa na nimekamata mwizi. Aliniuliza nimemkamata nikiwa macho au nimelala.

Mama alitazama tundu la jinzi, akatazama kapeti, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kiko cha Bibi, ameshakijaza tumbaku na kukiwasha kwa kaa la jiko, Mama yetu yule ambaye moshi wa kiko anaukohoa hata ukiwa uani kwa jirani. Akapiga magoti juu ya kapeti lake, akakitoa kwa mikono miwili. "Mama, vutia hapa hapa ndani."

Bibi akavuta mara moja. Akasema ndani kuna joto, twendeni wote nje. Tukatoka.

Tiketi ya meli haikupotea. Baba ameenda nayo mwenyewe, na akasema jembe analolishika huko ni adhabu aliyojihukumu. Matundu ya kapeti Mama ameyatilia viraka, na mashimo yangu mawili nimeyaziba kwa saruji, Winnie akinisimamia kama injinia.

Ndani ya bahasha utakuta kipande kidogo cha kapeti kilichoungua. Hicho ni ushahidi, usikitupe. Jinzi ilikuwa nyeusi, kiuno thelathini na mbili. Sikudai, nakukumbusha tu.

Lakini jambo moja nakuomba bila mzaha. Andika wewe kwenye kundi la ukoo. Nikiandika mimi watasema Jovinary anatania. Wewe uliye nje wanakusikiliza hata ukikohoa. Waambie kilichounguza kapeti ni nini, na waambie kichwa cha Bibi ni kizima. Maneno hayo ya mwisho mwambie Mjomba ayazungushie duara jekundu.

Salamu nyingi kutoka kwa Mama, anayesema asante kwa kioo na anaomba usitume kingine. Winnie anakusalimu kwa nyusi. Mama Kashindye naye anakusalimu. Bado anashikilia kwamba kitu kile kilitumwa, na safari hii hakuna aliyeweza kumbishia. Nisalimie wenzako wa chumbani.

Bibi anakuombea Mungu akulinde na jua la huko, akurudishe ungali na meno ya kutafunia kahawa. Kioo amekichukua yeye. Juzi Jumapili nilimkuta barazani, redio iko kwenye mahubiri, amekielekeza juani na kiko amekishika pale kwenye kitone. Tumbaku ikashika. Akapuliza moshi, akaniambia nikuandikie kwamba kibiriti amemwachia Mama, kwa sababu mjukuu wake amemtumia moto kutoka Doha, tena moto usioisha.

Ni mimi nikupendaye hata kwa suruali yenye tundu, mdogo wako,

Jovinary