Mkwe Anayetema Divai

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Dada yangu mpenzi, Mama Mapendo,

Pokea kwanza salamu, kisha kaa chini, maana habari ni ndefu. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakataa dawa na kusema kikohozi ni cha hewa ya ziwa? Na paa la jikoni mmelibadilisha, au bado unapika mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine kwenye mwavuli? Sisi hapa tu wazima wote. Neno hilo nimeliandika kwa furaha, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Kolwezi ni ile ile. Malori ya madini yanapita mchana kutwa, na nguo ninazoanika nyeupe naanua zikiwa na rangi ya matofali. Mume wangu, Baba Elia, angali kazini kwenye bwawa la Nzilo, analinda umeme unaokwenda migodini, na nyumbani kwetu tunawasha mishumaa. Kibanda changu cha chakula kinaendelea, ila makaa yanayotoka Mutshatsha siku hizi yanakuja na mawe ndani, na muuzaji ananiapia kwa jina la mama yake kwamba hakuyaweka yeye. Simwamini. Unanijua.

Uliniuliza jambo moja tu: huyu Mukendi anayemtaka binti yako, tumpokee au tumkatae? Ulisema utafuata jibu langu, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa na Mapendo huku na ndiye ninayemwona kijana kwa macho. Ningekupigia, lakini simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na mambo haya si ya masikio ya mawifi zako. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na kijana mwenyewe. Amezaliwa hapa hapa. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na mama yake, Mama Ngalula, anauza vitenge sokoni. Majirani wana maneno yao juu ya watu wa Kasai; mimi hayo siyashiki. Kilichonikaa rohoni ni kazi yake. Anauza divai, dada, ile ya chupa yenye kizibo, nyekundu na nyeupe. Nyingine inakuja kwa lori kutoka Afrika Kusini, nyingine ni ya Ureno, inapita Angola na kuingilia Dilolo. Wateja wake ni hoteli na wakubwa wa migodi. Na katika mji huu wa vumbi anavaa viatu vinavyong'aa. Nikajiuliza, mtu huyu anapita wapi? Mapendo akacheka, akasema anabeba kitambaa mfukoni. Sawa, nikaliweka pembeni, lakini sikulitupa.

Kabla ya kutuma wazee wake, aliomba twende dukani kwake siku ya Jumapili, mimi, Baba Elia na Mapendo, atuonjeshe divai za mashamba mbalimbali ili tujue kazi yake. Tukaenda. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe. Chupa za divai nyeupe zimelazwa ndani ya beseni la barafu, za nyekundu zimesimama, na zote amezizungushia magazeti, eti tusione jina la shamba, ulimi uamue wenyewe. Mimi nikatazama shingo za chupa. Zile nyekundu zilikuwa zimeshafunguliwa.

Dada, moyo ulinishuka. Wewe na mimi tumelelewa hivi: chupa inafunguliwa mbele ya mgeni, na anayeitoa anakunywa kwanza, anameza, mgeni anaona. Hata soda ya ubatizo. Na baada ya kaka yetu Simoni, sisi hatuwezi kusahau. Bia ile aliletewa kwa jirani ikiwa wazi, na wiki haikwisha tukawa tumemzika. Mpaka leo hatujui kama ilikuwa chupa au ni tumbo lake tu, na kutojua huko bado kunaniuma.

"Nani alifungula hizi?" nikamuuliza.

"Mi mwenyewe, mama. Ya rouge, hii nyekundu, inaombaka ikae wazi kidogo, ipumue."

"Chupa inapumuaka?"

"Mama mudogo," Mapendo akaninong'oneza, "unanipatisha haya."

Nikavuta kiti, nikakaa. Mukendi alianza na nyeupe, na hiyo, nisimsingizie, aliifungua mbele yetu. Akatumiminia kidogo kidogo, kiasi cha kulowesha koo la ndege. Akazungusha glasi yake, akaingiza pua yote, akasema, "Onja kwanza na pua, mama. Hii inatoka ku milima ya karibu na bahari. Utasikia limau, na kidogo ya chumvi." Nikanusa. Limau lilikuwepo kweli, na nyuma yake kitu kama majani baada ya mvua. Pua yangu imekaa jikoni miaka mingi, hainidanganyi. Lakini sikunywa, nilikuwa namwangalia yeye.

Akaweka divai kinywani, akaisukasuka kama mtu anayesukutua asubuhi, akainama, akaitema ndani ya ndoo. Ndoo ile nilidhani ni ya barafu.

Nikajiambia labda imempalia. Akafungua nyeupe ya pili, ya Ureno, akasema mizabibu yake ni mizee na mizizi yake inakula mawe. Baba Elia akameza, akasema inamkumbusha maembe mabichi. Mukendi akafurahi sana, akamwambia ana ulimi mzuri, kisha akatema tena. Ikafuata nyekundu, ile iliyokuwa wazi tangu hatujafika. Ilinukia zambarau na moshi wa kuni. Harufu nzuri, sikatai. Hata bia ya Simoni haikuwa na harufu mbaya. Mume wangu akainywa yote, akajilamba midomo, akasema anasikia pilipili kwa mbali. Mukendi akatema mara ya tatu.

Nikafunika glasi yangu kwa kiganja, nikasimama.

"Unatupatia siye tumeze, weye unatema?"

Kijana alipauka. "Mama, ni kazi. Kila siku naonjaka chupa mingi. Kama nameza yote, nitalewa mbele ya midi, saa sita haiyafika."

"Leo hauko ku kazi. Leo uko ku bukwe, mbele ya wakwe zako."

Akaitazama ndoo. Niliona amekumbuka adabu tunayoijua sote, lakini alikumbuka ndoo imeshaloa. Nikamshika mume wangu mkono, bado ana glasi, tukaondoka. Mapendo alitufuata analia, na kilio kile kilinichoma, lakini sikurudi nyuma.

Wiki hiyo nilimchunga Baba Elia kama maziwa yaliyo motoni. Asubuhi namgusa miguu nione kama ina joto. Akijikuna, namuuliza anajikunia nini. Akila kidogo, nashtuka. Akila sana, nashtuka pia. Siku ya nne akanichoka.

"Mi nilikunywa byote, na niko muzima," akasema. "Ao unataka nikufe, ukuwe na raison, ionekane ulisema kweli?"

Nikamwambia zipo sumu zisizo na haraka. Akavaa kofia akaenda kazini Nzilo bila kuaga.

Mapendo naye alikuwa haniambii neno zaidi ya shikamoo. Anarudi kutoka shule anakofundisha, anaosha vyombo, anaingia chumbani. Nikaona nifanye uchunguzi wangu. Kibandani kwangu huja kula mhudumu mmoja wa hoteli, nikamuuliza kama ni kweli watu wa divai hutema. Akasema ni kweli, wote hutema, hata wazungu, na kila mmoja ana ndoo yake. Nilikuwa karibu kutulia. Ndipo nikamuuliza hoteli yao hununua divai kwa nani. Akasema kwa Mukendi. Basi ushahidi wake nikautupa pamoja na mifupa ya samaki.

Jumapili iliyofuata, tumetoka misa, nikaona mwanamke anaingia uani kwetu peke yake, kitenge kimefungwa vizuri, mfuko wa sokoni mkononi. Alikuwa Mama Ngalula. Sikuwa nimewahi kuonana naye, akajitaja mwenyewe. Hakutaka hata maji. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akatoa kwenye mfuko chupa yenye gazeti. Ile ile nyekundu, dada, imebaki nusu, kizibo kimerudishwa.

"Nilisikia mutoto wangu alitema mbele ya bakwe," akasema. "Mi nilimufundisha adabu ingine, hapana ile. Kazi ilimusahaulisha. Leta kilasi ya kwako, mama. Uisafishe weye mwenyewe."

Nikaleta glasi yangu, nikaiosha mbele yake kwa maji yangu. Hakunilaumu. Akaijaza mpaka juu. Alipoimimina tu, harufu ikanifikia, nikajua. Wiki nzima kwenye joto la duka lisilo na umeme, divai ile ilikuwa imegeuka siki. Siki kabisa, ya kuweka kwenye kachumbari. Zambarau na moshi vyote vimekwenda. Nilitaka kumwambia, lakini nikanyamaza nione atafanya nini. Ndiyo tabia yangu, nisamehe.

"Niko na mutoto mwanaume mumoja tu," akasema. "Kama kuko kitu ndani, inipate mi wa kwanza."

Akanywa. Hakunusa, hakuzungusha, alimeza funda kubwa, na lingine. Machozi yalimtoka kwa ukali wa siki, koo lake likawa linapanda na kushuka, na macho yake hayakuniachia. Glasi ilipofika nusu, akavuta pumzi mara moja, lakini hakuishusha.

Dada, pale nilimwona mama yetu, siku zile baada ya Simoni, alipokuwa anaonja kila tunachopewa kabla hatujakigusa. Nikaona aibu, na nikaona uchungu. Nikamnyang'anya glasi ile, nikaimalizia mimi. Iliniunguza kuanzia ulimi hadi kitovu. Tukakohoa wote wawili kama watu waliovuta moshi, na alipoweza kusema, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na ule mutoto anasemaka iko vino ya muzuri sana," akasema.

Nilicheka, dada, mpaka Baba Elia akatoka ndani kuuliza kuna nini. Mapendo alikuwa mlangoni, naye anacheka, na hapo hapo akanikumbatia. Tangu siku hiyo ananisemesha.

Usidhani nimebadilika sana. Mama Ngalula alipoondoka nilikaa jioni yote nikilisikiliza tumbo langu. Halikusema kitu.

Jana Mukendi mwenyewe alikuja, amevaa vile viatu vyake. Akapiga goti mlangoni, akanikabidhi chupa ya divai nyeupe ikiwa nzima, akaniomba nikague kizibo kwa mkono wangu. Nilikagua. Nilikichunguza hata kwenye mwanga wa dirisha. Akaifungua mbele yangu, akamimina, akanywa kwanza, akameza, akafungua kinywa kidogo nione hakuna kilichobaki. Hapo ndipo nilipoonja divai kwa mara ya kwanza kama inavyopaswa kuonjwa. Ni baridi, ina limau mbele na asali kidogo nyuma, na ukishameza inabaki mdomoni kama mtu aliyeaga lakini bado amesimama mlangoni. Nilimwomba aniongeze. Sasa naelewa kwa nini mtu anaweza kuifanya iwe kazi yake yote.

Basi jibu langu ni hili: mpokeeni. Kuhusu viatu vile bado nina mashaka, na nitaendelea kuvitazama mpaka harusi na baada ya harusi. Lakini mtoto wetu anaingia kwenye nyumba ya mwanamke anayeweza kumeza siki kwa ajili ya mwanawe bila kufumba macho, na nyumba ya namna hiyo siiogopi. Wazee wake watakuja huko kwenu Kalemie kiangazi hiki, naye ataandamana nao. Nilitaka kukutumia chupa moja mapema, lakini Tata Ramazani, dereva anayekuletea barua hii, ni Mwislamu wa watu, akasema, "Barua nabeba, mama. Ile ingine hapana." Kwa hiyo Mukendi atakuja nayo mwenyewe. Mwacheni aifungue uani, mbele ya wote. Wengine watatazama suti yake. Wewe tazama koo lake, uone linapanda na kushuka.

Nisalimie shemeji, mwambie kikohozi hakiponi kwa ubishi. Nisalimie shangazi anayeuza dagaa bandarini, na binamu Kisimba fundi cherehani, aanze kufikiria nguo za bibi harusi ila asikate kitambaa kabla sijafika. Baba Elia anakusalimu; anasema nyekundu ya pilipili ndiyo iliyozishinda zote, na ananiomba nikuandikie kwamba alisema tangu mwanzo kuwa yu mzima. Mapendo anakuandikia ya kwake, sikuisoma, ingawa nilitaka. Utakapopewa kinywaji na mkwe wako, usiogope.

Ni mimi mdogo wako Feza, niliyekunywa kwanza, kabla yako.