Kiti cha Pili cha Gari Lako, Baba Mkwe

Kwako Baba mkwe, uliyelazwa juzi nyuma ya kanisa hapa Makambako,

Mchungaji aliniomba niseme neno kaburini, mimi mkamwana niliyekaa nyumba moja nawe. Nikamwambia sina sauti, imekauka kwa kilio. Uongo mtupu. Sauti ninayo, ila maneno niliyokuwa nayo yasingefaa mbele ya kwaya. Nimeyaandika humu, na barua nitaiacha mezani sebuleni. Anayejua kusoma na aisome.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Nilipoletwa kwako nikiwa bibi harusi, mkeo alikuwa amekwisha kufariki, na wewe ulikuwa mzee wa kanisa uliyehama kwenu Ipelele na desturi zenu zote mgongoni. Baba mkwe hamtazami usoni mke wa mwanawe, hasemi naye, hamgusi, hakai naye kiti kimoja. Ukitaka maji ulimwambia kuku. "We kuku, mwambie mama huyo mtungi umekauka." Nami nilimjibu kuku yule yule, "Mwambie Baba nakwenda kisimani sasa hivi." Tulinagwe, mwanao na mume wangu, alicheka mpaka akatoka nje. Tulipomchinja kuku yule siku ya Pasaka, ulikaa kimya siku mbili, sijui kwa majonzi au kwa kukosa mkalimani. Nilikupenda siku zile, Baba. Naliandika hili mapema kabla sijaghairi.

Kisha likaja gari. Meneja Mwingereza wa shamba la miti ya miwati kule Njombe, uliyemwendesha miaka yote tangu utoke vitani, alikuwa anarudi kwao, akakuachia kigari chake cha watu wawili. Huko Ulaya ni cha mjini, cha kuendea dukani kwenye lami. Mkewe alikuwa ameapa hatakipanda tena. Watoto wa hapa walikiita Yai. Injini yake ya pikipiki, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, na mlango wake mmoja tu, pale mbele, unafunguka kama wa kabati. Petroli kilikunywa kwa kulamba, hilo siwezi kukinyima. Lakini kilikuwa chembamba kuliko alama za magurudumu ya malori, kwa hiyo gurudumu moja lilipita shimoni na jingine tutani, nawe ukaendesha umeinama kama mtu anayetegea umbea sikio. Juu kulikuwa na paa la turubai. Meneja alikuambia ndilo la kutokea siku ya ajali. Masika ya kwanza likavuja, ukaligongomea bati.

"Baba," Tulinagwe alikuuliza, "ukigonga mti utatokea wapi?"

"Dereva hagongi mti," ukamjibu. Majibu yako yote yalikuwa ya namna hiyo.

Hakuna aliyeuliza swali lililofaa. Lori lina nyuma, na hata baiskeli ina karia. Yai halikuwa na nyuma. Anayepanda anabanwa begani kwa dereva, na kwa desturi yetu hiyo nafasi ilikuwa ya kila mtu isipokuwa mimi.

Unajua ninakokwenda. Marehemu ana uzuri mmoja: hawezi kuinuka akatoka nje.

Mwanangu Lugano alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache, na yeye peke yake nyumbani mwetu aliruhusiwa kukuvuta ndevu. Asubuhi ile ya masika alipumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka rangi. Baba yake alikuwa kazini Manda, kule ziwani, kwenye ghala la samaki. Lori la asubuhi lilikuwa limekwisha kupita, na kwa matope yale hakuna aliyetazamia jingine. Njia ya hospitali ya Njombe ilikuwa moja tu, wewe. Ukafuta kioo, ukatia petroli, ukawasha. Nikatoka na mtoto mgongoni na chupa ya maji mkononi. Mlango ulikuwa wazi.

Hukunitazama. Uliuambia ukuta: "Aitwe dada yangu. Yeye atampakata mtoto."

Dada yako, shangazi Sekela, alikuwa shambani kwake ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Akatumwa jirani kumwita. Ukazima injini ili petroli isiishe bure. Nikakaa kizingitini, Lugano magotini, na kiti kitupu kilikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nilivunja mwiko, nikasema nawe moja kwa moja: "Baba, nitajifunika shuka kichwani. Nitakupa mgongo. Nakuomba."

Ukauambia ukuta, "Mzee wa kanisa apite sokoni amebanana na mke wa mwanawe? Watu watasema nini?"

Jua likapanda, likapita vichwa vyetu. Shangazi alifika alasiri, matope magotini, mnene, anahema. Akampokea mwanangu, mkabanana humo, mkaenda. Mimi nikafuata kwa miguu. Nilijua sitafika leo wala kesho asubuhi, lakini miguu haikuuliza. Mvua ikaanza kunyesha.

Sikwenda mbali. Yai lilikuwa limeteleza kwenye mteremko wa pili, pua imezama kwenye ukingo wa udongo, mlango umebanwa, na juu kuna bati lako na misumari yako. Mlikuwa mmekaa humo ndani kama nguo kwenye kabati. Nilifukua kwa mikono. Wewe ulikuwa upande wa pili wa kioo, na hapo ndipo ulipoyatazama macho yangu mara ya kwanza. Watu wa kando ya barabara walikuja na majembe, mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa amekwisha kumfunika Lugano uso kwa khanga yake.

Msiba ulipokwisha, Tulinagwe alikinyoosha kigari, akang'oa bati, akanifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule. Hukusema neno, hata kwa kuku.

Mwaka uliofuata, kiangazi, ngiri ikakubana. Mchana kweupe, tumbo gumu, jasho linakutiririka, unauma shuka. Tulinagwe alikuwa Manda tena. Sasa sikiliza jambo ambalo hata yeye hajui mpaka atakapoisoma barua hii. Pale njia panda lori la mbao lilikuwa linapakia, linakwenda Njombe. Dereva wake aliniambia asubuhi kisimani kwamba ana nafasi. Ungelala juu ya mbao, umefunikwa vizuri, heshima yako haijaguswa. Nilijua, na sikusema.

Nilileta Yai mpaka mlangoni, nikafungua. "Karibu, Baba. Kiti kipo."

Uliutazama ukuta. Nikakupa muda. Kisha nikasema, "Au aitwe shangazi? Yuko shambani." Mkuki kwa nguruwe, Baba. Nilisimama nimeshika mlango, nikakutazama unavyotoka nyumbani kwa magoti mpaka ukapanda.

Bega lako lilikuwa juu ya langu safari nzima. Kila shimo lilikutupa kwangu, na mashimo mengine niliyatafuta. Tulipofika Njombe nilipita sokoni kwa mwendo wa maandamano ya harusi, nikapiga honi. Nilitaka wote waone. Mama mmoja muuza viazi akainua mkono kutusalimu, "Kamwene!", akaendelea kupima viazi vyake. Basi. Hakuna mwingine aliyegeuka.

Daktari alikupasua, ukapona. Nilisubiri baraza la kanisa likuite, halikukaa. Mchungaji alikuja kukuombea, akanisifu mimi kwa uendeshaji. Jumapili uliyotoka hospitali ulikaa benchi lako lile lile la mbele. Hapo ndipo nilipokuchukia hasa. Mpaka siku ile nilikuwa nakuonea huruma kidogo. Nilidhani ulifungwa na kitu kizito, kitu ambacho kingemwangusha mtu yeyote, na kumbe kilikuwa chepesi kiasi kile. Nimekupikia miaka mitatu tangu hapo. Uji wako haukuwahi kukosa chumvi wala maziwa, na kila bakuli nililiweka mbele yako bila neno, nikiona unavyongoja neno. Sikukupa. Sijutii, wala siombi radhi kwa ajili ya lile lori.

Liko jambo moja tu tuliloliacha njiani. Tulipokuwa tunashuka kuingia mjini, uliacha kuuma shuka, ukageuka, ukasema nami. Hukusema na ukuta. "Mama Lugano," ulisema, "kumbe inawezekana."

Niliendelea kuendesha. Uliningoja nijibu mpaka hospitali, na nadhani uliningoja mpaka wiki iliyopita ulipofumba macho. Haya, Baba, jibu lako hili hapa, nenda nalo: iliwezekana tangu asubuhi.

Mkamwana wako,
mama yake Lugano